Nilimlilia Mama Akiwa Bado Ziwani

Nilimlilia mama yangu akiwa hai, tena jukwaani, tena watu wakanipigia makofi. Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani.

Mimi ni mtunzi wa mashairi hapa Goma, yale ya kusimama na kuyasema mbele ya watu. Na leo niseme ukweli: maneno yangu mazuri yote ni ya mama. Anauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwenye soko la Kituku kando ya ziwa. Jioni, nyumbani kwake Mapendo, alikuwa akinisimulia jinsi baba alivyotuacha, jinsi shangazi zangu walivyomsema, huku mwenyewe anacheka. Nikirudi chumbani kwangu Murara, nilikuwa naandika.

Likaja shindano la mashairi, kila mtu apande jukwaani mara mbili. Mara ya kwanza nilimsifu mama, watu wakatikisa vichwa tu. Nikajiambia, mama aliye hai hamlizi mtu. Basi mara ya pili nikamuua! Alikuwa amevuka kwenda kisiwa cha Idjwi kumwona dada yake, na mimi nikasema mtumbwi umezama, ziwa limemchukua. Nikalia machozi ya kweli. Ukumbi ukalia nami. Binti mmoja aliyefiwa na mama yake ziwani alinikumbatia, akaniita dada. Nikamwacha aniite.

Video ikazunguka kwenye simu. Kesho yake pole zikaingia mfululizo. Unajua nilijibu nini? Asante! Sifa zilikuwa tamu, nikaona nitaeleza baadaye.

Sikujua kwamba akina mama wa shirika lake la kanisani nao wameiona. Walimpigia, simu yake haikupatikana. Na kwetu kilio hakingoji mwaliko. Wakaja na makaa na sukari, wakafunga turubai uani kwake, wakaanza kuimba.

Mama akashuka mtumbwini Kituku na mananasi yake, akapanda hadi nyumbani, akakuta matanga. Akauliza nani amekufa. Mmoja wao alikimbia akidhani ni mzimu. Jirani wa mama ndiye aliyepata moyo wa kumwonyesha simu.

Aliniita. Nilimkuta ameketi chini ya lile turubai, bado hajavua kitambaa cha safari. Nilitaka kumweleza kwamba lilikuwa shairi tu. Hakunipa nafasi.

"Miye niko juu ya maji, weye unaniimbia kufa," alisema. "Maneno yangu yote nilikupatia, mutoto wangu. Haikutosha?"

Afadhali angenipiga! Nilipiga magoti, nikaomba msamaha, akasema amesamehe. Akaongeza kwamba siku atakapokufa kweli, wadogo zangu ndio watasema kwenye kilio. Mimi ninyamaze, kwa kuwa zamu yangu nimeshaitumia.

Tangu hapo hajanisimulia kitu. Nikienda ananikaribisha vizuri kama mgeni, ananipakulia ugali na sambaza. Nikimkuta anazungumza na jirani, anamwambia watamaliza kesho. Shairi nalo haliji. Naketi na kalamu, nasikia kimya chake.

Ndugu msomaji, wewe unayeandika, usimtie mzazi wako kinywani mwa kifo ili watu wakusifu. Mtu akikupa pole isiyo yako, mrudishie siku hiyohiyo, hata kama ni aibu. Mimi niliipokea. Sasa namlilia kweli mama yangu, naye yuko uani anacheka na wenzake.