Siku Moyo Wangu Ulipokataa Kutulia

Jamani, hili nalisimulia huku nimejiziba uso, maana mpaka leo nikipita Iringa mjini nikakutana na yeyote wa ile kwaya yetu ya vijana, salamu ya kwanza ni kamwene, ya pili ni "ti-ti-ti-ti!", halafu anacheka mpaka anashika magoti.

Siku zile zilikuwa raha, tulifanya kila kitu pamoja, kwa hiyo wataalamu wa moyo walipoomba watu wazima wenye afya waje hospitalini kwa utafiti wao, tukaenda kwaya nzima. Walitueleza vizuri tu: moyo ukishapiga, umeme wake unahitaji kitambo kidogo ujirudishe sawa kabla ya pigo linalofuata, na mapigo yakienda mbio hicho kitambo kinafupika, sasa wao walitaka kuona kinafupika vipi kwa mtu asiye na ugonjwa. Unapimwa umelala umetulia, kisha unapanda na kushuka kibao, unapimwa tena. Kazi rahisi!

Ila mimi nilikuwa na jambo langu. Atupele, soprano wetu aliyekuwa anasomea uuguzi, ndiye angesaidia pale, na wiki hiyohiyo alikuwa anarudi kwao Mbeya moja kwa moja, kwa hiyo nilishapanga tukitoka tu nimwambie nampenda. Sasa asubuhi, na baridi ya kwetu ya Juni mnaijua, ngozi imepauka kama nimelala kwenye jivu, nikasema siwezi kuvua shati mbele ya mtoto wa watu hivi. Nikachota mafuta ya mgando nikajipaka kifua kizima (na mgongo pia, sijui mgongo ulihusika vipi).

Vile vibandiko vya nyaya za mashine ya kupima moyo vikagoma kushika. Nesi anabandika, vinateleza, anabandika tena, kimoja kikaning'inia kwapani. Akaita, "Atu, njoo na pamba umfute huyu kaka!" Mungu wangu! Akaja, akanifuta taratibu, ananukia sabuni, na vile vichache vilivyoshika vikanisaliti, mashine ti-ti-ti-ti, na wenzangu wako nyuma ya pazia wanasikia kila kitu.

"Kibao hujapanda, mbona unakimbia?" daktari akauliza. "Tulia."

Nitulie vipi? Atupele akisogea mbali, mashine inapoa, akirudi, inapamba moto. Daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema kwa sauti, "Binti, hebu toka kidogo tumpime huyu." Nyuma ya pazia watu walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akawakemea, naye akicheka.

Nilipotoka nikamkuta getini peke yake, ananisubiri.

"Kaka Festo, ulikuwa unaogopa nini mle ndani?" Hacheki hata kidogo.

Nafasi ndiyo hiyo, jamani. Nikasema, "Sindano."

Akaniangalia. "Hakukuwa na sindano," akasema, akaniaga.

Leo ana familia yake huko Mbeya, na mumewe ni mtu mzuri (nimejaribu kumchukia, nimeshindwa). Nimeapa, moyo ukinienda mbio tena kwa ajili ya mtu, namwambia palepale, daktari asikie, kwaya isikie, liwalo na liwe.