Mgongoni mwa Baba, Asubuhi ya Kliniki

Juzi nilimpeleka mwanangu kudungwa sindano. Muuguzi alipofungua chupa ya spiriti, ile harufu, rafiki yangu, ilinichukua ikanirudisha mtaani kwetu Mathare, miaka ya tisini, asubuhi ya Julai yenye ukungu mzito.

Mama alikuwa ushago, kule kijijini, akimuuguza nyanya. Nilibaki na Baba, mchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Kifua kilikuwa kimenibana hadi pumzi ikawa inatoka kwa mlio, kama sufuria inayoanza kuchemka. Baba aliweka sikio kifuani pangu, akasikiliza. Kisha akachukua leso ya Mama nyuma ya mlango, akanifunga mgongoni. Siku hizo mwanamume hakubeba mtoto hivyo.

Tulipita kati ya majiko ya mkaa na harufu ya mandazi. Vijana waliokuwa wakiota moto walituona.

"Niaje mzee! Leo umegeuka mathe?"

Wakacheka. "Ni mgonjwa," Baba akasema bila kusimama, na kicheko kikakatika.

Kwenye kliniki ya kanjo, ile ya baraza la jiji, benchi lilikuwa limejaa kina mama. Mmoja alimtazama Baba akashindwa kuvumilia.

"Baba, hebu kuja nikufungie vizuri. Huyo atateleza."

Akalifungua fundo, akalifunga upya, Baba akiwa ameinama mbele yake kama mtoto anayevalishwa sare. Kisha wakasongeana, tukapata mahali pa kukaa.

Sista alisema ni nimonia, nidungwe. Nikaanza kulia. Baba, aliyezoea kuniita mama mimi bintiye, akanigeuza uso kwake.

"Usimwangalie sista, mama. Hesabu vidole vyangu."

Kidole kimoja kilikuwa kifupi. Tezo lake la kuchongea lilikikata zamani. Nikakwama hapo hapo.

"Hicho nacho tukihesabu aje?" akauliza, kwa uso wa mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikuwa bado nakiwaza kidole hicho sindano ilipotoka. Dawa ya maji niliikataa. Akailamba yeye kwanza, akakunja uso vibaya hadi sista akacheka, nami nikameza.

Tulienda hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mlio ukaisha. Kurudi nyumbani alikuwa akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani wa Kikamba. Sikuusikia kwa masikio. Uliniingia kupitia mgongo wake, mzito na wa joto, huku mabati yakipita kando yetu polepole, hadi usingizi ukanichukua.

Ile kliniki sasa ni ghorofa za kupangisha. Wale kina mama sijui walienda wapi. Baba tulimzika kwao Ukambani, na kwa kuwa nyumbani kwetu mtoto hakuzoea kumwambia baba asante, sikuwahi kumwambia. Uso wake ninao kwenye picha. Sauti yake ya kuongea imeanza kunitoka. Kuna siku naitafuta nisiipate. Lakini ule mvumo wa mgongoni, nikitulia tu, huja wenyewe.