Ng'ombe wa Harusi ya Shangazi Editha

Kila nikipita mahali wanapokaanga migebuka kwa mawese, ile harufu nzito inayong'ang'ania nguo mpaka kesho yake, mimi huiona harusi. Wenzangu huwaza ziwa. Mimi namwona shangazi yangu Editha katika gauni jeupe, na mama yangu amejifunga kitenge kiunoni, uso umemsawijika kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Niwaeleze ilivyokuwa, maana samaki wale hawakuwemo kwenye mipango kabisa.

Ilikuwa mwaka 2013, wakati wa kiangazi, maharage yamekwisha kuvunwa na vumbi la kijiji chetu cha Heru Juu limewageuza hata kuku weupe kuwa wekundu. Shangazi Editha, mdogo wake baba, alikuwa anaolewa na mwalimu wa Kibondo. Wiki nzima nyumba yetu ilipambana na ajali ambazo zilikuwa hazijatokea. Bibi alificha pete ndani ya debe la unga wa muhogo, halafu akasahau debe lipi, tukachekecha yote. Pini za akiba zilikuwepo, viatu vya akiba vilikuwepo, na baba alitania kwamba hata bwana harusi wa akiba angepatikana kama yule wa Kibondo angechelewa.

Jambo moja tu hatukulijadili sana, kwa sababu lilijulikana. Kwetu, ukiwa na shughuli, hata iwe ya kanisani, ng'ombe huchinjwa na Mwislamu. Hapo kila jirani anakula na hakuna anayebaguliwa kwenye sahani. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Shabani, mwalimu wa madrasa mjini Kasulu, ambaye angeletwa na bodaboda asubuhi na mapema.

Bodaboda ikapata pancha njiani. Jua likapanda, kuni zinawaka, maji yanachemka bure, na Baba Mdogo Zabron, aliyekuja kutoka Kibondo kusaidia, akawa anazunguka uani akitazama saa. Baba Mdogo alikuwa mtu wa kuzuia maafa. Alisema harusi nyingi huaibika kwa chakula kuchelewa, na ya dada yake haitaaibika yeye akiwa hai. Mama alipotoka ndani, alikokuwa akimsaidia shangazi kuvaa, ng'ombe alikuwa ameshachinjwa, na Baba Mdogo anafuta kisu, amefurahi kabisa.

Mama alikaa juu ya kinu. "Mawe," alisema kwa Kiha, kwa sauti ndogo, akimwita mama yake aliyekwisha kufa zamani.

Kilichomkalisha ni kumfikiria Mama Zuwena. Huyu alikuwa mwanamke wa Ujiji, mwenye duka la vitenge mjini, na shangazi aliishi kwake miaka yote ya sekondari. Alimlisha, alimsuka, na alimchapa alipostahili. Siku hiyo angekaa meza ya mbele kama mama wa pili wa bibi harusi, na nyuma yake wangekaa wenye maduka wenzake, Waislamu kama yeye. Nyama ile kwao ilikuwa kibudu. Ama wangeshinda njaa mbele ya wageni wa Kibondo, ama wangekula bila kujua.

Baba Mdogo alipendekeza hilo la pili. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechanganyikiwa.

"Shemeji, nyama ikishaiva haina dini," alisema.

"Haina," mama alijibu. "Anayeila ndiye anayo."

Akanawa, akanishika mkono, akasimamisha pikipiki. Sikuelewa kwa nini ananichukua mimi. Nadhani aliogopa kwenda peke yake, na mtu aliyeshika mtoto hafokewi sana.

Tulimkuta Mama Zuwena uani kwake, hina haijakauka mikononi. Mama, ambaye kwa kawaida salamu zake zilianzia kwa watoto zikaishia kwa mbuzi, hakusalimia.

"Dada, ng'ombe kachinjwa na Zabron," alisema. "Mzee Shabani hakuwahi."

Mama Zuwena aliitazama mikono yake. Niliogopa mama atalia, na mimi sikuwahi kumwona akilia. Kisha Mama Zuwena akauliza kama kuna aliyekwisha kula. Mama akasema hakuna.

"Basi hakijaharibika kitu. Samaki hachinjwi, mdogo wangu."

Akaanza kucheka. Mama naye akacheka huku machozi yakimtoka, nami nikacheka bila kujua tunachekea nini.

Hina ilioshwa kabla ya wakati wake, ikamwacha na mikono ya rangi ya chai ya maziwa. Tulifika sokoni gari la Kigoma likiwa bado linashusha migebuka. Mama Zuwena alichagua samaki mwenyewe, akabeba masufuria yake, maana yetu yalikwisha kuingia nyama ile, akaja kukaanga uani kwetu na nguo za kazi, gauni lake la kuvaa harusini likiwa ndani ya mfuko.

Mzee Shabani naye alifika, kanzu imejaa vumbi, akakuta nyama iko jikoni. Aliomba maji ya kunywa, akasema yeye amechelewa kidogo tu, ila ng'ombe wetu alikuwa na haraka sana.

Mchana mshereheshaji alitangaza waziwazi kwamba nyama ni kulia na samaki ni kushoto. Bibi alimhukumu Baba Mdogo kusimama katikati, ahakikishe upawa wa huku hauendi kule. Lakini ng'ombe aliyechinjwa kwa haraka alikataa kuiva kwa haraka, na haikupita muda Wakristo nao wakapanga foleni ya samaki. Baba Mdogo akawa anawafukuza ndugu zake mwenyewe, suti imemganda kwa jasho. Shangazi alimlisha Mama Zuwena keki, akala, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni, amefumba macho, anatabasamu.

Krismasi ya mwaka ule tulimpelekea Mama Zuwena bakuli la nyama. Alinawa, akasema bismillahi, akala. Nilifungua mdomo nimwambie kwa fahari kwamba safari hii amechinja Mzee Shabani. Mama akanikata jicho. Njiani nilinung'unika kwamba nilitaka tu kumtoa wasiwasi.

"Kwani ulimwona na wasiwasi?" mama aliuliza.

Sasa nina jiko langu, na majirani wanaokula kwangu. Utotoni nilidhani mama aliogopa sahani tupu na maneno ya watu wa Kibondo. Aliogopa swali. Miaka yote waliyojuana, Mama Zuwena hakuwahi kuuliza nyumbani kwetu ni nani amechinja, na baada ya harusi ile hakuuliza vilevile.