Nilisema Baba Yake Alikufa kwa Ukimwi, Sasa Binti Yangu Anakonda Vilevile

Admin, ficha jina langu kabisa, binti yangu anafuata ukurasa huu. Nina miaka hamsini na saba, ni mjane, na tangu Jumapili siwezi kukaa mahali pamoja. Nafagia nyumba niliyokwisha kufagia.

Miaka ya tisini tuliishi Kariobangi. Mume wangu alikuwa dereva wa kiwanda. Akaanza kukonda. Hakukohoa sana, ila kifua kilibonyea, na akivua shati unaona mashimo pale shingo inapokutana na mabega. Kwenye ngazi alisimama katikati kutafuta pumzi. Alimeza dawa za TB mara mbili, ingawa makohozi yalipimwa yakawa safi. Wapangaji wa ploti nzima wakanong'ona kuwa ni Ukimwi. Akaenda kupima Ukimwi, akaniletea karatasi: hana. Nikamwambia, "Umehonga mtu wa maabara." Nikabeba mtoto nikahamia kwa dada yangu Komarock, na kila aliyeuliza nilimwambia huyo mwanaume alitaka kuniua.

Siku pafu lake lilipopasuka niliitwa hospitali. Daktari akanionyesha picha za kifua. "Mama, hii si TB wala Ukimwi. Mapafu yanageuka makovu, kuanzia juu. Ni ugonjwa adimu, ndiyo maana tulikosea. Wakati mwingine unafuata ukoo. Mtoto akianza kukonda hivi, msingoje."

Alifariki baada ya wiki tatu. Kabla hajafa nilimwomba msamaha, akasema, "Wewe lea mtoto." Nikamlea, lakini ukweli sikumwambia mtu. Niliona aibu. Binti amekua akijua baba yake alikuwa mtu wa wanawake, akafa kwa Ukimwi. Hata kaburi lake hajawahi kulikanyaga.

Sasa ana thelathini na mbili. Amekonda, kifua kimebonyea, na yuko kwa dawa za TB mara ya pili. Jumapili aliniuliza, "Mama, daktari anataka kujua, kwetu kuna mtu aliwahi kuugua mapafu?" Nikasema hakuna. Neno lilinitoka kabla sijafikiri.

Anarudi kliniki Alhamisi. Dada yangu anasema nimwone daktari kimya kimya, binti asijue. Lakini daktari atamuuliza habari za baba yake, na yeye atajibu uongo niliomfundisha mimi.

Nishaurini jamani, Alhamisi ni kesho kutwa. Nianzie kwa daktari, au nianzie kwa mtoto wangu?