Kilo Tatu na Robo Begani mwa Binti Yangu

Binti yangu wa pili huchora ramani za nyumba. Mtaani wanamwita Rula, maana tangu mdogo alikuwa anapima kila kitu: meza, mlango, hata miguu ya baba yake akiwa amelala. Siku hizi kazi yake ni kupanda ngazi za majengo ambayo hayajakwisha, kuwaonyesha wenye nyumba jinsi yatakavyokuwa. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi mojawapo, bega la kulia likateguka. Daktari akasema asibebe mizigo mizito tena. Mimi nilisikia. Yeye alikuwa anatazama dari, nadhani alikuwa anaipima.

Halafu akanunua laptop. Akiba ya miaka mitatu yote ikaingia humo. Muuzaji alimwambia hakuna yenye nguvu kama hiyo dukani kwake, na kwamba asipoipenda airudishe ndani ya siku saba bila mkwaruzo hata mmoja, atampa nyingine nyepesi.

Mimi nauza nafaka chumba cha mbele, yeye anafanya kazi chumba cha nyuma, katikati kuna pazia tu. Siku ya pili alifungua mchoro mkubwa, feni ya ile kompyuta ikavuma mpaka mteja akaniuliza kama nimeleta mashine ya kusaga.

"Rula, hicho kitu kinaumwa?"

"Kinapumua, mama. Kinafanya kazi kubwa."

"Mimi pia nafanya kazi kubwa. Umewahi kunisikia navuma?"

"Kila siku, mama."

Tangu hapo macho sikuyatoa kwenye ile kompyuta. Aliipakata kwa nusu saa, akainuka na wekundu mapajani kama aliyekalia pasi. Nikampa ubao wangu wa kukatia mboga auweke chini yake. Matundu ya kuchomeka yako mawili tu, yote upande mmoja; akichomeka kipanya na flashi, hakuna nafasi ya kingine. Kitu cha bei ile!

Siku ya nne aliipeleka kwenye jengo lisilo na umeme. Akarudi amekunja uso.

"Jua lilipiga kioo, mwenye nyumba akajiona yeye badala ya nyumba. Akaanza kurekebisha kofia."

"Halafu?"

"Nilipompeleka kivulini, betri ikaisha. Haikutimiza hata saa moja."

Alikuwa anajisugua bega. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Feni na kioo ni kero tu, lakini bega likiteguka tena, atachorea nini?

"Irudishe," nikamwambia.

"Mama, mchoro wa ngazi uliokuwa unanilia asubuhi nzima, sasa naumaliza chai haijapoa."

"Na bega?"

"Si nzito kihivyo."

Asubuhi ya siku ya saba alipoingia kuoga, nikaichukua nikaiweka kwenye mizani yangu ya dukani. Nilitaka ushahidi. Ilikuwa pana kuliko sahani ya mizani, nikaisukumasukuma mpaka ikatulia. Kompyuta kilo mbili na nusu. Chaja, ambayo ni kama tofali, robo tatu. Alipotoka nikamwambia jumla yake.

"Kilo tatu na robo, Rula. Wateja wangu wanabeba dengu za uzito huo kwa mikono miwili, tena hawapandi ghorofa."

Alisimama na taulo kichwani, akalishika bega. "Haya. Twende tukaibadilishe."

Dukani, muuzaji aliifungua, akaifunga, akaigeuza. Akapitisha kidole chini yake.

"Dada, hii mikwaruzo ni ya nini?"

Ilikuwa mitatu, mirefu. Rula akainama, akaitazama kwa mshangao. "Sijui. Mimi huiweka kwenye ubao wa mboga."

Muuzaji akaitikisa kidogo. Kutoka kwenye tundu la feni ikadondoka punje moja ya dengu, ikabiringika juu ya kaunta.

Rula akanigeukia taratibu. "Mama. Uliipimia wapi?"

"Kwenye mizani," nikasema. "Ya dukani."

"Ile yenye sahani iliyong'oka ukingo?"

Nilijaribu kumsihi muuzaji, nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia. Akasema ananielewa, mama, lakini mikwaruzo ni mikwaruzo. Akaifunika, akaisukuma upande wetu, na ile dengu akanipa mkononi.

Njiani Rula hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuwa nimeshaandaa majibu. Tulipofika kona ya kwetu akahamisha mkoba kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Nikaunyakua.

"Mama, acha."

"Acha wewe."

Sasa siku za kwenda kwenye majengo nafunga duka asubuhi, napanda nyuma yake na kilo zile tatu na robo mgongoni. Mafundi wananiita hamali wa Rula. Yeye anatangulia mikono mitupu, anahesabu ngazi. Tukifika ghorofa ya tatu, pumzi zangu zinasikika hadi chini.

"Mama," ananiambia bila kugeuka, "unavuma."