Waipa za Theluji

Mwenye duka la spea pale Al-Sulay alicheka nilipomwambia nataka waipa za theluji. "Thalj? Riyadh mafi thalj," alisema, yaani Riyadh hakuna theluji, na nje jua lilikuwa likichoma lami. Nikamweleza kwamba bosi ananituma Tabuk na lori la mzigo, na kwamba milima ya huko baridi ikizidi hugeuka myeupe. Akaacha kucheka, akapanda ngazi kuzitafuta.

Nilichagua kwa kukunja na kubonyeza, kama mzazi anayenunua viatu vya shule. Za kwanza zilikuwa na fremu ya chuma iliyo wazi. Barafu ikiingia kwenye maungio, waipa hukakamaa na kuruka sehemu za kioo. Za pili zilikuwa nyembamba mno. Za tatu zilivikwa mpira juu ya fremu nzima, na ukingo wake ulikuwa laini, nikiukunja unarudi. Nikachukua hizo. Theluji sijaiona maishani, ila woga wake nilikuwa nao wa kutosha.

Kisha mke wangu akapiga simu kutoka Jeddah. Mkataba wake umekwisha, tiketi imetoka, anaondoka Jumamosi alasiri. Alikuwa akifanya kazi za ndani mtaa wa Al-Safa, na miaka yote miwili tulionana mlangoni kwa madam wake, tumesimama, mimi na ufunguo wa lori, yeye na mikono inayonuka sabuni. Hatukuwahi kukaa chini pamoja katika nchi ile.

"Safari hii tutakaa," alisema. "Tunywe chai pale kiwanja cha ndege kama watu."

Niliitaka chai ile kuliko kitu chochote.

Nikamwomba bosi. Ijumaa asubuhi akakubali: mimi nichukue mzigo wa Jeddah, dereva mwenzangu wa Tanga aende Tabuk. Malori yetu ni ya aina moja. Mwenzangu akazitazama waipa zake, mipira imekauka kama ukoko wa wali, na maduka yamefungwa mpaka baada ya sala.

"Kaka, mie huko n'taona wapi?"

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami nilipenda kuonekana hivyo. Nikamvulia zangu, nikafunga zake. Mvua ya Jeddah ni mgeni wa nadra.

Jumamosi, nilipopita Taif na kushuka kuelekea pwani, ikaanza mvua ile ya kufunga barabara. Waipa ziliparuza mara tatu nne, mpira mmoja ukachomoka, chuma kikaanza kukwaruza kioo. Mbele sikuona hata taa za gari. Nikaegesha pembeni, nikampigia mke wangu.

"Usije," alisema. "Kaa hapo hapo. Sikufanya kazi miaka miwili ili nifike nyumbani mjane."

Nikamtii. Mvua ilipokatika, yeye alikuwa ameshaingia ndani ya ndege, simu imezimwa. Niliikasirikia mvua, nikamkasirikia bosi, na hata yule mwenye duka aliyecheka.

Mwenzangu alirudi Al-Sulay siku chache baadaye. Tabuk jua tupu, alisema. Theluji ilikuwa imeanguka juu milimani, mbali na barabara. Alikuwa amezivua waipa zangu, amezipangusa vumbi, amezifunga kwenye gazeti. Hazikuona tone la maji. Tena alikuwa amechemsha chai ya maziwa, na kunitandikia kadibodi kwenye kivuli cha lori.

"Keti basi, kaka, tunywe."

Niliipokea chai yake. Nikainywa nimesimama.