Mafuta ya Breki Hayawekwi Chupani

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, tuliposhuka kutoka Kwale kwenda Kombani, watu watatu na magunia ya muhogo. Nimesikia umenunua Landrova kuukuu ya Mwingereza, umeipaka rangi mpaka inang'aa. Hongera. Kaa basi nikwambie jambo, ingawa mimi shule niliiacha ningali nahesabu kwa vidole.

Mjomba Mwinyi alikuwa nalo gari la namna hiyo hiyo, nami nilikuwa utingo wake. Mafuta ya breki alinunua kopo moja, akatia kidogo garini, yaliyobaki akayamimina katika chupa ya soda na kuiziba kwa gunzi la hindi. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo kila nyumba ilivyoweka mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayaharibiki. Chupa ilikaa chini ya kiti masika mpaka masika, na kila yalipopungua garini aliongezea humo. Na hewa ya huku kwetu unaijua mwenyewe: chumvi ukiisahau wazi usiku, asubuhi unakuta uji.

Fundi Kassim wa Ukunda, aliyekuwa akitutengenezea lile gari, aliiona chupa akakunja uso.

"Mwinyi, mwaga hayo. Mafuta ya breki hunywa maji hewani."

"Yanywe kwa mdomo gani, Fundi?" mjomba akamjibu. "Sema tu wataka kuniuzia kopo jipya!"

Nilicheka mimi, na mkewe, Mwanasiti, naye akacheka. Mwanamke yule alikuwa akicheka, hata kuku hugeuka. Lakini nisipotee njia.

Ijumaa ile tulipakia kupita kiasi. Mteremko wa Golini mjomba aliushuka akikanyaga breki mwanzo mwisho, nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyepoteza ufunguo, "Haipo." Akakanyaga tena. "Siti, haipo." Breki ya mkono ilivutwa, haikushika. Mwanasiti alikuwa na bakuli la mahamri mapajani. Akalikumbatia lisimwagike. Hilo, mwanangu, ndilo nisiloacha kuliona.

Gari liliacha njia kwenye kona likapinduka. Mimi nilirushwa migombani. Mjomba alivunjika paja. Mwanasiti tulimzika jioni ile ile.

Matangani watu walisema kona ile ina jini, na jini hutaka damu. Kila aliyeingia alimpa mjomba mkono akamwambia ajali haina kinga. Nilimwona akitulia. Maneno yale yalikuwa kama maji ya baridi kwake. Ndipo akaingia Fundi Kassim, akaketi mkekani.

"Poleni, Mwinyi. Nimelifungua gari lako. Mafuta yamekuwa rangi ya chai, yamejaa maji. Breki zilipopata moto yale maji yakachemka, ukawa unakanyaga mvuke. Jini hayumo."

Mjomba hakuinua kichwa. "Niachie jini wangu, Fundi."

"Ningekuachia, ndugu yangu. Lakini wenye magari wote wamekaa hapa, na chupa zao ziko chini ya viti."

Mzee mmoja akamwita Fundi moyo wa jiwe, vijana wakamtoa nje. Siku chache baadaye alichinjwa mbuzi pale konani, ubani ukafukizwa, na chupa zikabaki chini ya viti. Masika yaliyofuata likashuka gari jingine. Hilo sitalisimulia. Lilikuwa limebeba watoto wa madrasa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo kilituumbua mara mbili.

Basi nakuusia. Kopo la mafuta ya breki nunua dogo, lifungue siku ya kulitumia, na yatakayobaki usiyahifadhi wala usiyaonee uchungu. Kifuniko cha kile kikombe cha garini yanamotiwa kikaze, na mpira wake ukipasuka badilisha. Kila mwaka yatoe yote ya zamani, kwenye magurudumu yote manne, ukitia mapya mpaka yatoke safi, hata kama gari lilikuwa limelala tu. La kulala nalo, mafuta yake hunywa maji. Mteremkoni shuka kwa gia ndogo, breki zipumue. Na likikufika la kukufika, Mungu apishe mbali, anza kuiuliza mikono yako kabla hujamuuliza jini, kwa maana jini hujibu lile unalotaka kusikia.

Mwenyezi Mungu akupe umri, mwanangu. Akuepushe na faraja ya uongo, na kila utakayempakia katika gari hilo ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amin.